Sega la Jiko la Kukhu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Nangila alipiga magoti mbele ya jiko la chuma lililokuwa sebuleni. Alizoa majivu ya jana, akapanga vibanzi vikavu, akaweka kuni mbili nyembamba juu yake. Kisha aliuvuta mkono mweusi wa chuma uliokuwa ubavuni mwa jiko mpaka ukagota. Hapo tu ndipo alipowasha kiberiti.

"Umeuvuta mkono?" nyanya yake aliuliza kutoka chumbani.

"Nimeuvuta, Kukhu."

"Haya, washa, mama. Baridi ya leo imetoka mlimani moja kwa moja."

Kwao, nyanya huitwa Kukhu. Jina lake hasa lilikuwa Nakhungu, na aliishi karibu na Saboti, mahali ambapo baridi ya Mlima Elgon hushuka jioni na kukaa mpaka jua lipande. Babake Nangila, Wepukhulu, alifanya kazi mjini Bungoma na aliishi huko na mkewe na watoto wadogo. Nangila aliletwa Saboti ili Kukhu asikae peke yake.

Kwa miaka mingi Kukhu alipika kwa mafiga katika jiko la nyuma lililojaa moshi. Moshi huo ulimwingia kifuani. Daktari mmoja wa Kitale alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, akamwambia, "Mama, kifua hiki hakitaki moshi tena."

Basi mwaka wa 2005 bahati ikaja. Shangazi Phelista, bintiye Kukhu, alikuwa ametunza nyumba ya mgeni mmoja mjini Kitale, mtafiti wa mbegu za mahindi. Mgeni huyo aliporudi kwao alimwachia jiko alilokuja nalo kutoka nchi yake ya baridi. Chumba cha Phelista kilikuwa kidogo, kwa hiyo alimletea mamake. Fundi Mbugua alichomelea bomba la moshi, akalipitisha kwenye paa, na tangu siku hiyo Kukhu aliota moto sebuleni bila kufuta machozi.

Siri ya jiko hilo ilikuwa ndani, karibu na mahali bomba linapoanzia. Hapo palikaa kipande cha udongo mgumu, kama udongo wa kikombe, chenye matundu mengi madogo yaliyopangika. Siku ya kwanza Shangazi Phelista alikitoa, akamwekea Nangila mkononi.

"Kinafanana na nini?"

"Sega la nyuki!"

"Basi tukiite sega. Sikiliza. Moshi ni kuni ambayo haijamaliza kuungua. Jiko likishika moto vizuri, unausukuma mkono huu ndani, na moshi wote unalazimika kupita kwenye matundu haya. Ndani kuna dawa imepakwa, huioni, lakini inafanya moshi uungue mara ya pili. Ndiyo maana joto ni jingi na bomba halitoi wingu. Sasa, sega lina masharti yake. Linataka kuni kavu tu. Usiweke plastiki, usiweke pakiti za maziwa, usiweke mbao zilizopakwa rangi. Hizo zinaua dawa. Unauvuta mkono kabla ya kufungua mlango. Na kila Jumamosi, jiko likiwa limepoa kabisa, unalitoa sega na kulipangusa kwa brashi laini. Polepole, kama unaosha uso wa mtoto mchanga. Kazi hii ni yako, kwa sababu macho ya Kukhu hayaoni tena vitu vidogo."

Nangila aliifanya kazi hiyo vizuri kwa mwaka mzima.

Kisha ukafika mwezi wa Julai, na mvua ikanyesha usiku na mchana. Vibanzi alivyosahau kuviingiza ndani vililowa. Asubuhi moja alipuliza moto mpaka kichwa kikamzunguka, na vibanzi vikawa vinatoa povu badala ya kuwaka. Mlangoni alisimama Tonny, mtoto wa jirani waliyesoma naye darasa moja, ameshika baiskeli.

"Niaje, Nangila! Bado unapuliza? Leo mwalimu wa zamu atatuchapa, bana."

"Ngoja kidogo. Siwezi kumwacha Kukhu na baridi."

"Si uweke juala tu? Kwetu makaa tunawasha na juala. Moja tu, fwaa! Imeshika."

"Shangazi alikataza plastiki."

"Ati Shangazi! Shangazi si yuko Kitale? Ataona juala ikiungua Saboti akiwa Kitale?"

Nangila alicheka ingawa hakutaka. Chini ya meza palikuwa na mfuko wa plastiki uliobeba sukari. Aliukunja, akauweka chini ya vibanzi, akawasha. Plastiki ililia, ikadondosha matone ya moto, na vibanzi vikashika mara moja.

"Si nilikuambia!" Tonny alisema, naye akapanda baiskeli.

Kesho yake vibanzi vilikuwa bado vimelowa, kwa hiyo Nangila alitumia pakiti ya maziwa. Siku iliyofuata alitumia juala tena. Baadaye vibanzi vilikauka, lakini mkono wake ulikuwa umeshazoea njia ya mkato. Jumamosi ikafika, na kwa kuwa alikuwa na mchezo wa kuruka kamba kwa kina Tonny, hakulitoa sega.

"Umesafisha sega?" Kukhu aliuliza jioni.

"Ndiyo, Kukhu."

Neno lilitoka haraka kuliko alivyokusudia. Kukhu aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupukuchua mahindi.

Wiki iliyofuata jiko lilibadilika. Jioni, Kukhu alipousukuma mkono ndani ili joto libaki chumbani, moshi ulianza kuchungulia kwenye kingo za mlango. Mkono ukiachwa nje, moshi ulipanda, lakini joto nalo lilipanda pamoja nao na kuni zikaliwa kama majani makavu. Wakifungua dirisha, upepo wa mlimani uliingia na Kukhu akakohoa kwa baridi. Wakilifunga, akakohoa kwa moshi. Nangila alikaa kitini akifungua dirisha na kulifunga, akifungua na kulifunga.

Siku moja alirudi shuleni mapema, jiko likiwa limepoa, Kukhu yuko shambani. Alilitoa sega na kulipeleka mlangoni penye mwanga. Matundu mengi yalikuwa yamezibwa na kitu cheusi kinachong'aa, kama gamu. Alipangusa kwa brashi. Halikutoka. Alitafuta chombo chembamba, akaona spoku kuukuu ya baiskeli iliyotumika kuchoma mahindi. Aliichomeka kwenye tundu la kwanza na kuisukuma.

Krr.

Kuta za matundu zilikuwa nyembamba kama ukucha. Zilibomoka, na kona nzima ya sega ikamwagika mapajani mwake kama maganda ya yai.

Nangila alichungulia nje kuona kama Kukhu anakuja. Kisha alikusanya vipande, akavifukia kwenye majivu, na kulirudisha sega mahali pake, upande uliovunjika ukiangalia nyuma. Kukhu aliporudi na kumkuta mbele ya jiko, alisema, "Ah, umelisafisha hata kabla ya Jumamosi. Una bidii kweli."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kusema ukweli. Angeanzia wapi? Akisema sega limevunjika, ataulizwa kwa nini alilichokoa. Akisema lilikuwa limeziba, ataulizwa limezibwa na nini. Na akisema juala, ataulizwa kuhusu Jumamosi ile aliyosema ndiyo. Kila mlango wa kutokea ulikuwa na mlango mwingine nyuma yake, nao umefungwa.

"Ndiyo, Kukhu," alisema.

Moshi ulizidi. Kukhu aliamua kwamba kosa ni la kuni. Kuni hizo waliletewa na Mzee Ngige, jirani aliyekuwa na shamba la mikaratusi upande wa juu wa barabara. Kukhu alimwita, na mzee akaja amevaa koti lake zito na viatu vya mpira.

"Mzee Ngige, kuni zako hazijakauka. Zinatutoa machozi."

"Kuni zangu, Mama Wepukhulu?" Mzee alishangaa. Aliinama, akachukua vipande viwili na kuvigonganisha. Vililia ta! ta! kama mbao za dawati. "Sikia mwenyewe. Hizi zimekaa chini ya mabati tangu mavuno ya mwaka jana. Kuni mbichi hailii hivi, inasema pu."

"Basi huu moshi unatoka wapi?"

Mzee Ngige aliliangalia jiko, kisha akamwangalia Nangila, si kwa kumshuku, bali kwa kuwa yeye ndiye aliyesimama pale. Nangila alitazama vidole vyake vya miguu.

"Sijui, mama," mzee alisema polepole. "Lakini sitaki ukohoe kwa sababu yangu. Nitakuletea zingine."

Jioni hiyo alirudi na mzigo mwingine mgongoni, kuni bora zaidi, akaupanga mwenyewe barazani. Hakutaka hata chai. Nangila aliusikia mgongo wa mzee ukilia ka! alipoinuka.

Jumapili babake alikuja kutoka Bungoma. Wepukhulu alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa sebuleni, akamsikiliza mamake akikohoa, akaona kuta zilizoanza kuwa nyeusi juu ya jiko. Hakumaliza hata chai yake.

"Mama, nimeamua. Jumamosi nitakuja na pikapu. Utakaa kwetu Bungoma. Kule kuna joto, na hakuna haja ya kuwasha moto ndani ya nyumba."

"Wepukhulu, mwanangu. Nyumba yako ina vyumba viwili."

"Tutabanana."

"Na huku nimwachie nani? Babako amelala pale nyuma kaburini. Kuku wangu je? Mimi nikae mjini kutwa nzima nikiangalia ukuta wa jirani?"

"Mama, nisikize. Kifua chako kitakuua hapa. Hili jiko tulidhani ni dawa, kumbe ni ugonjwa." Akamgeukia Nangila. "Linasafishwa kweli hili?"

Kukhu ndiye aliyejibu, tena kwa ukali.

"Usimguse mtoto huyo! Huyu hulisafisha hata kabla ya siku yake. Nimemwona kwa macho yangu. Kama kuna mtu aliyelitunza jiko hili, ni yeye."

"Sawa, Mama. Nimeuliza tu."

Nangila alitoka nje akaenda nyuma ya zizi. Angeweza kuvumilia kupigwa. Kusifiwa kulimshinda.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Shuleni alimweleza Tonny kila kitu, naye Tonny akakuna kichwa.

"Sasa wewe unalia nini? Kukhu akienda, jiko litaenda. Hakuna mtu atajua."

"Lakini hataki kwenda."

"Utasema? Babako si atakumaliza!"

Nyumbani Kukhu alikuwa ameanza kufunga vitu vyake, polepole, kama mtu anayetumaini kuambiwa aache. Ijumaa walipeleka kuku kwa Mzee Ngige. Kukhu alimbeba mwenyewe jogoo mwekundu, na njiani alimsemesha kwa Kibukusu, maneno ambayo Nangila hakuyasikia yote. Waliporudi, uwanja ulikuwa kimya. Kukhu alisimama mlangoni akiwaita kuku kwa mazoea, "Kurr, kurr," kisha akakumbuka, akaingia ndani.

Jumamosi asubuhi pikapu ilisimama mbele ya nyumba. Babake alishuka na dereva, na Shangazi Phelista naye alikuwa amepanda njiani kutoka Kitale ili asaidie kupakia. Tonny alikuja pia, kwa kuwa palipo na gari hapakosi Tonny. Walitoa kitanda, kabati, na masanduku. Kukhu alikaa juu ya gunia la mahindi, ameshika kikapu, bila kuangalia upande wa nyuma ya nyumba.

"Na hili jiko?" dereva aliuliza.

"Hilo tutaliacha kwa wanunuzi wa vyuma pale stendi," alisema Wepukhulu. "Wanalivunja wanayeyusha. Phelista, hutaki?"

"Nitaliweka wapi, kaka?" Shangazi alisema kwa huzuni. "Sijui hata ni nini kilichoharibika. Kwa yule mgeni lilikaa miaka bila shida."

Babake na dereva walilishika jiko huku na huku, tayari kulichomoa kwenye bomba. Tonny alimtazama Nangila, akainua nyusi, kana kwamba anasema: umeona? Limeisha.

Na kweli lingeisha. Jiko lingevunjwa, sega lingesagika pamoja na vyuma, na hakuna mtu ambaye angewahi kujua. Nangila aliona jambo hilo waziwazi. Aliona pia Kukhu akiwa Bungoma, dirishani, akiangalia ukuta. Na yeye mwenyewe angekuwa pale pale kando yake, siku zote, akiitwa mtoto mwenye bidii.

"Baba, msilibebe!"

Waliliachia. Wote walimgeukia.

"Ni mimi," Nangila alisema. "Kuni si mbaya. Jiko si baya. Niliwasha na juala, na pakiti za maziwa, asubuhi nyingi. Sega likaziba. Halafu nikalichokoa na spoku, likavunjika, nikaficha vipande kwenye majivu. Na ile Jumamosi niliyosema nimesafisha, nilikuwa kwa kina Tonny nikiruka kamba."

Injini ya pikapu, iliyokuwa ikipoa, ilisikika ikilia tik, tik.

"Nangila!" Babake alipiga hatua moja. "Mama anataka kufa kwa kikohozi, mimi nimekodi gari, na wewe..."

"Kaka, ngoja," Shangazi Phelista alisema kwa upole. "Tusikie kwanza. Amesema mwenyewe, hakuna aliyemshika."

Alipiga magoti, akaufungua mlango wa jiko, akalitoa sega na kuliinua kwenye mwanga. Aliligeuza taratibu. Kisha akaanza kuuliza, swali moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta uzi ulipokatikia.

"Juala ilikuwa inawekwa chini ya vibanzi au juu?"

"Chini."

"Mkono ulikuwa umevutwa?"

"Wakati wa kuwasha, ndiyo. Lakini siku nyingine niliusukuma ndani mapema ili niwahi shule. Juala ilikuwa bado inawaka."

"Hapo ndipo lilipoharibika. Ulilimwagia maji?"

"La, Shangazi."

"Afadhali. Hii kona imekwenda, haiwezi kurudi. Lakini kwingine kumeziba tu. Pengine dawa haijafa yote." Alisimama. "Kaka, nipe mpaka alasiri. Likikataa, pakia."

Wepukhulu alimwangalia mamake. Kukhu alikuwa bado juu ya gunia, macho yake kwa Nangila.

"Mpaka alasiri," Wepukhulu alisema.

Shangazi alihitaji siki nyeupe. Tonny alitumwa kwa baiskeli kwenye hoteli ya chipsi ya Saboti, akarudi amebeba chupa na anahema.

"Yule mama ameniuliza, 'Siki ya nini?' Nikamwambia ya kuchemshia jiko. Ati, 'Kwenu mnakula majiko?'"

Dereva aliangua kicheko, na hata Wepukhulu alilazimika kugeuka upande.

Kwanza Nangila alilipangusa sega kwa brashi laini mpaka majivu yakaisha. Kisha wakatumia chungu cha udongo, kwa kuwa Shangazi hakutaka sufuria ya alumini, wakachanganya siki na maji ya mvua nusu kwa nusu. Waliwasha moto nje, wakalizamisha sega, wakaacha maji yachemke polepole. Maji yalibadilika rangi, yakawa kama chai ya rangi, kisha kama kahawa. Wakaliosha mara mbili kwa maji mengine ya mvua yanayochemka, ili lisishtuke kwa baridi.

"Sasa si ni kulirudisha?" Tonny aliuliza.

"Likiwa na maji ndani likutane na moto, litapasuka," alisema Shangazi. "Litakauka juani. Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa, Tonny. Na hiyo ya juala nakisia ilikotoka."

Tonny alipotea nyuma ya pikapu kwa muda.

Wakati huo Wepukhulu alikuwa amepanda juu ya paa. Alifunga matawi kwenye kamba, akayapitisha ndani ya bomba, akayavuta juu na chini. Masizi mazito kama lami yalianguka kwa madongo. Nangila aliyazoa yote peke yake. Babake alipomwona kutoka juu, uso mweusi mpaka kwenye kope, alitaka kusema neno kali, lakini alisema tu, "Funga pua na kitambaa."

Mzee Ngige alifika kumuaga Kukhu, akakuta watu wamekaa wakiangalia kipande cha udongo juani. Nangila alimwendea kabla hajaketi.

"Mzee, kuni zako zilikuwa kavu. Nilijua, na nikanyamaza ulipokuwa ukilaumiwa. Nisamehe."

Mzee Ngige alimtazama. Kisha alichukua kuni mbili barazani na kuzigonganisha karibu na sikio lake. Ta! ta!

"Unasikia?"

"Nasikia, Mzee."

"Mimi nilianza kudhani masikio yangu yamezeeka," alisema. "Sasa nitalala vizuri. Yameisha, mtoto wangu."

Jua lilipoelekea mlimani, sega lilikuwa jepesi na kavu. Nangila alilirudisha mwenyewe. Alipanga vibanzi, akaweka kuni za Mzee Ngige, akauvuta mkono, akawasha. Walingoja mpaka jiko likashika moto na chuma kikaanza kutoa joto la kweli. Kisha Kukhu aliinuka kutoka kwenye gunia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaja, akausukuma mkono ndani.

Wote waliangalia kingo za mlango. Moshi haukutoka.

"Twendeni nje," Shangazi alisema.

Walisimama uwanjani, vichwa juu. Kutoka kwenye bomba ulitoka uzi mwembamba wa moshi, na kando yake hewa iliyotetemeka kwa joto tu.

"Uzi ule ni ile kona iliyovunjika," alisema Shangazi Phelista. "Moshi unapenya pale bila kuungua. Halitakuwa tena kama lilivyokuwa, na siku moja itabidi kutafuta jingine. Lakini linafanya kazi."

Kukhu alivuta pumzi, akangoja kikohozi. Hakikuja. Alimgeukia mwanawe.

"Wepukhulu, rudisha kitanda changu ndani."

"Mama, na kifua?"

"Wiki ijayo Phelista atanipeleka kwa daktari. Akisema niondoke, nitaondoka bila kubishana. Lakini nitaondoka kwa neno la daktari, si kwa juala."

Wepukhulu alikuna kidevu, akamwambia dereva ashushe kitanda. Mzee Ngige alienda kuwaleta kuku, wote isipokuwa mtetea mmoja aliyekuwa ameshaanza kutaga nyumbani kwake. "Huyo amekuwa wa kwetu," alisema, na Kukhu akamwachia.

Baada ya gari kuondoka, Kukhu alimwita Nangila akae karibu naye mbele ya jiko.

"Unajua ni nini kilichoniumiza?" aliuliza. "Si juala. Mtoto anayesikia baridi atawasha na chochote. Si hata spoku. Ulitaka kutengeneza, ukakosea. Makosa hayo yangekuwa ya siku moja. Ungeniambia, ningekukaripia, tungemwita Phelista, tukala ugali. Lakini ulisema ndiyo wakati ni la, na sisi wote tukaanza kutembea juu ya hiyo ndiyo. Mimi nikamtukana Ngige. Babako akakodi gari. Nikatoa jogoo wangu. Tulikuwa tunatafuta ugonjwa, na wewe ulikuwa umeificha dalili. Mtu akificha kosa, mama, hafichi lake tu. Anawafungia na wengine ndani."

"Nisamehe, Kukhu."

"Nilikusamehe uliposema 'msilibebe'. Ungeweza kunyamaza. Niliona kwamba ungeweza." Alinyoosha mikono kwenye joto. "Sasa kazi ya sega bado ni yako. Simpi mtu mwingine."

Jumamosi iliyofuata Tonny alipita na kamba begani, akaita, akaambiwa angoje. Nangila alitandika gazeti mlangoni, akalitoa sega lililopoa, akalipangusa tundu kwa tundu, taratibu alipofika kwenye kona iliyovunjika.

"Umesafisha sega?" Kukhu aliuliza kutoka uwanjani, alikokuwa akiwatupia kuku mahindi.

Nangila aliliinua kwa mikono miwili, akatoka nalo mbio. "Njoo uone, Kukhu!"

Kukhu hakugeuka. "Sijasema unionyeshe. Nimekuuliza tu."

Nangila alisimama na sega mikononi. Alilitazama tena kwenye mwanga, tundu moja moja, kwa uangalifu, kabla ya kujibu.

"Ndiyo, Kukhu," alisema. "Nimesafisha."